Barua ya wazi: Mzee wa baraza hawezi kupima asichoelezwa

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Uganda,
Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba,
Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma,
na Waheshimiwa Wabunge,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoifundisha maisha yangu yote, na kwa sababu Katiba yetu, tangu irekebishwe mwaka 2005, inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Arua. Zamani, nilipokuwa nikifundisha mbali na nyumbani, niliitwa kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayekaa na jaji kumshauri, katika kikao cha Mahakama Kuu. Mji sitautaja, wala jaji sitamtaja. Sina ugomvi na mtu. Ninalo daftari moja, na ndani yake mna ukurasa mmoja unaoninyima usingizi.

Kesi ilikuwa ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Mshtakiwa alikuwa kijana fundi wa baiskeli. Mama mmoja mwenye duka alivamiwa usiku na watu watatu, wakamkata panga la mkono, wakachukua pesa na simu. Mama alisema alimtambua mmoja wao, kuwa ni kijana huyo, kwa mwanga wa tadooba, taa ndogo ya mafuta ya taa, iliyokuwa juu ya meza ya duka. Hakukuwa na shahidi mwingine aliyemwona. Kijana alisema usiku ule alikuwa kwa dada yake, na dada yake akaja akasema hivyo hivyo.

Mawakili walipomaliza, ilikuwa alasiri ya siku ya Alhamisi na watu wamechoka. Jaji alitugeukia sisi wazee wa baraza wawili, akasema nasi kwa muda mfupi sana. Niliandika yote aliyotuambia, kwa kuwa mwalimu haachi kalamu. Yalijaza mistari minne: "Kosa ni unyang'anyi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe. Shahidi wa tatu ndiye aliyemwona. Toeni maoni kesho saa tatu." Basi. Shahidi wa tatu alikuwa yule mama.

Mwenzangu alikuwa mkulima, mtu mzima mwenye busara, ila Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Tulikaa chini ya mwembe nje ya mahakama. Akaniuliza, "Mwalimu, jaji amesema tuangalie nini?" Nikamjibu, "Tuseme kama kijana ana hatia." Akafikiri kidogo, akasema, "Yule mama namjua. Ni mtu wa kanisa. Hawezi kusema uongo." Nami nikakubali, maana hata mimi niliona kuwa mama yule hasemi uongo. Tukaandika karatasi moja, tukaisaini wawili, kesho yake nikaisoma. Jaji alitushukuru, akakubaliana nasi, akamfunga kijana miaka 20.

Waheshimiwa, tulijibu swali ambalo halikuwa swali la kesi. Hakuna aliyesema mama ni mwongo. Cha kuuliza kilikuwa kama mtu mkweli, aliyejaa hofu, anayevuja damu, anaweza kukosea uso wa mtu usiku. Hilo hatukuuliza, kwa sababu hatukuambiwa kwamba ndilo la kuuliza.

Na jibu nilikuwa nalo mwenyewe. Nimekulia kwenye nyumba ya tadooba. Nimesoma kwa tadooba mpaka puani mkawa na masizi. Najua kwamba mwanga wake unaangaza mkono ulioishika na kitu kilicho karibu, na kwamba ukiwa umeikabili huoni vizuri aliye nyuma yake. Najua inavyocheza mlango ukifunguliwa ghafla. Mwenzangu naye alijua hayo, pengine kuliko mimi. Tulikaa pale kama watu wawili wenye maji kwenye mtungi, na hakuna aliyetuambia kuwa kuna moto.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye amekuwa wakili. Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama jaji alitupa onyo la utambuzi. Sikujua hata neno hilo. Ndipo akanieleza kesi ya Abdulla Nabulere, rufaa ya mwaka 1978, inayotajwa katika mahakama zetu karibu kila wiki. Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba kesi ikitegemea shahidi wa macho na mshtakiwa akikana kuwa ndiye, jaji ajionye yeye mwenyewe na awaonye wazee wa baraza juu ya hatari iliyopo. Awaambie kwa nini tahadhari inahitajika: shahidi anayejiamini anaweza kukosea, na hata mashahidi kadhaa wanaojiamini wanaweza kukosea wote. Kisha awaongoze kwenye mambo ya kupima: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimfahamu kabla ya siku hiyo. Uingereza ilikuwa imefika hapo hapo mwaka 1976, katika kesi ya Turnbull, baada ya kugundua kuwa watu walikuwa wamefungwa kwa sababu ya mashahidi wakweli waliokosea.

Muda, umbali, mwanga, kufahamiana. Ni mambo manne ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuyashika. Kwenye daftari langu hayamo.

Kwa msomaji asiyezijua kesi hizi, niseme kidogo. Uganda hatuna juri kama Uingereza au Marekani, ambako kwa kawaida raia 12 ndio wanaoamua hatia, si jaji. Sisi tuna wazee wa baraza, wawili au zaidi, wanaokaa na jaji wa Mahakama Kuu katika kesi za jinai. Wanaapa kutoa ushauri wa kweli. Sheria inamtaka jaji, pande zote zikimaliza, awaeleze muhtasari wa sheria na wa ushahidi, aandike kumbukumbu ya maelezo hayo, kisha amtake kila mmoja atoe maoni yake kwa mdomo, na maoni ya kila mmoja yaandikwe. Jaji hafungwi na maoni hayo, lakini akiyaacha ya walio wengi lazima aseme kwa nini.

Someni tena neno "kila mmoja." Sisi tulitoa karatasi moja. Na sikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Imekuwa desturi katika vikao vingi, wazee wanaandika maoni ya pamoja kama ripoti ya kamati. Desturi hii inaua kitu cha maana. Laiti mwenzangu angesimama peke yake, aseme kwa kinywa chake, "Mimi naona ana hatia kwa kuwa mama ni mtu wa kanisa," jaji angesikia kosa letu palepale, na angekuwa na nafasi ya kulirekebisha.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema mzee wa baraza anashauri tu, jaji ndiye anayeamua, na jaji anaijua sheria. Watasema Katiba, ibara ya 126, inataka haki itendeke bila kushikilia mno taratibu, na kwamba hukumu haifutwi kwa kasoro ndogo ambayo haikuharibu haki. Hoja hiyo naiheshimu. Sitaki mwizi aliyekamatwa na mali mkononi aachiliwe kwa sababu jaji alisahau sentensi moja. Lakini maelekezo kwa wazee wa baraza si mapambo ya mahakama. Pale ndipo mahali pekee, kabla ya hukumu, ambapo jaji analazimika kusema kwa sauti, mbele ya mshtakiwa na mawakili, ni jambo gani hasa linalobishaniwa na sheria inasema nini juu yake. Jaji aliyelisema vizuri amejionya pia. Asiyelisema, mara nyingi hata kwenye hukumu yake halionekani. Ndivyo ilivyokuwa katika kesi yetu: hukumu ilisema shahidi wa tatu alikuwa "mkweli na wa kuaminika," na kwamba wazee wa baraza nao waliona hivyo. Makosa yetu yalitumika kuwa nguzo ya makosa ya mahakama. Sisi tulimwegemea jaji, jaji akatuegemea sisi, na katikati hapakuwa na kitu.

Hatari hii ni ya zamani, na imewahi kumfikisha mtu mlangoni pa kitanzi. Mwaka 1935, huko Uingereza, Reginald Woolmington, kibarua wa shamba wa miaka 21, alishtakiwa kumuua mke wake kwa bunduki. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Juri ya kwanza ilishindwa kuafikiana. Juri ya pili iliambiwa na jaji kwamba mauaji yakishathibitishwa, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Ilichukua muda wa saa moja na ushei kumtia hatiani, akahukumiwa kunyongwa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikafuta hukumu hiyo, ikisema kuwa mzigo wa kuthibitisha hatia uko kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Ushahidi haukubadilika kwa herufi moja. Kilichokuwa kimemhukumu ni sentensi za jaji.

Mzigo huo ni sheria yetu pia. Mwaka 1967, katika kesi ya Sekitoleko, ilielezwa hapa kwetu kwamba mtu anayesema "nilikuwa kwingine" hana wajibu wa kuthibitisha kuwa alikuwa huko. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kumweka mahali pa tukio. Mwaka huo huo, katika kesi ya Tuwamoi, majaji walieleza tahadhari inayotakiwa mtu anapokana ungamo alilodaiwa kulitoa. Kwa hiyo sheria ipo, tena nzuri, na ina umri mkubwa kuliko majaji wengi walioko kazini leo. Lakini mimi na mwenzangu chini ya mwembe tulisema hivi, naandika bila kuficha: "Dada yake lazima amtetee, damu nzito kuliko maji." Tukamtupa shahidi wa kijana kwa methali. Hatukujua kuwa kijana hakuwa na deni la kutuletea shahidi hata mmoja.

Niseme pia kwamba si kila onyo la zamani lilikuwa la haki. Kwa miaka mingi majaji walitakiwa kuwaonya wazee wa baraza wasimwamini mwanamke aliyebakwa bila ushahidi wa kumuunga mkono, kana kwamba wanawake kwa asili yao hawaaminiki. Mahakama zetu zimekwisha kulikataa onyo hilo kuwa ni ubaguzi, na vizuri zilifanya. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi maneno ya jaji yalivyo na uzito pande zote. Yakipotoka, yanamfunga asiyekosa au yanamwachia aliyekosa.

Sasa suala la lugha, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Katika kesi ile karani mkalimani alikuwa mtu mwema, aliyefanya kazi tangu asubuhi bila hata chai. Jaji aliposema upande wa mashtaka lazima uthibitishe, mkalimani alimgeuzia mwenzangu kwa lugha ya pale maneno ambayo maana yake ni "mkiamini kwamba alifanya." Waheshimiwa, kuamini si yakini. Kiswahili kina ngazi zake: kuna dhana, kuna shaka, kuna yakini, na mtoto wa madrasa anajua kuwa huwezi kumhukumu mtu kwa dhana. Lugha zetu nyingine nazo zina ngazi hizo. Kilugbara kinazo, Kiluganda kinazo, Kiacholi kinazo. Lakini mkalimani aliyeachwa atafute neno pale pale, amesimama, jaji akiendelea kusema, atachukua neno lililo karibu. Katiba, ibara ya 28, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Nani amewahi kukaa na wakalimani wetu na kuwaandalia maneno kumi tu ambayo maisha ya watu yanayategemea?

Wapo watakaosema dawa ni kuwaondoa wazee wa baraza kabisa. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Tanzania, ambako Mahakama ya Rufani ilikuwa imefuta kesi baada ya kesi kwa sababu majaji hawakuwaeleza wazee mambo ya msingi, ilibadilisha sheria mwaka 2022 ili wasiwe wa lazima tena. Naelewa kwa nini walichoka. Kesi ya mauaji ikirudishwa kuanza upya baada ya miaka minane, mashahidi wamekufa au wamehama, na ndugu wa marehemu wanalia mara ya pili. Lakini Katiba yetu, ibara ya 127, inasema Bunge litunge sheria ya kuwashirikisha wananchi katika utoaji haki. Ukimwondoa mwananchi kwa sababu hukumweleza, umeadhibu asiyekosa. Na jaji akibaki peke yake, onyo la Nabulere bado linamhusu. Tofauti ni kwamba hakutakuwa na mtu wa kumsikia akilisahau.

Mnajua gharama yake. Edmary Mpagi wa Masaka alihukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye alikuwa hai. Alitoka mwaka 2000, baada ya miaka zaidi ya 18. Binamu yake aliyehukumiwa pamoja naye alifia gerezani. Kesi ile iliharibiwa na ushahidi wa uongo, sisemi iliharibiwa na maelekezo ya jaji. Lakini ikumbukwe kila mtu anaposema kasoro ni ndogo. Tangu mwaka 2009, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Susan Kigula na wenzake, adhabu ya kifo si ya lazima tena. Bado ipo.

Kwa hiyo naomba. Jaji aandike maelekezo yake kwa ukamilifu kabla ya kuyasoma, awape mawakili wa pande zote mbili wayaone, nao wapewe nafasi ya kusema, "Mheshimiwa, hapa umesahau suala la mwanga." Hata nusu saa inatosha. Karatasi hiyo ibaki ndani ya faili, neno kwa neno, ili Mahakama ya Rufaa isikute sentensi moja isemayo kwamba wazee wameelezwa, bila kujua wameelezwa nini. Wakili anayelipwa na serikali kumtetea maskini asiruhusiwe kukaa kimya katika hatua hii. Mara nyingi nimemwona akifunga mafaili yake jaji akianza kusema nasi, kama mtu anayesubiri basi.

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ombi langu ni hili: mwendesha mashtaka akiona jaji ameruka jambo, asimame aseme, hata kama kuruka huko kunamfaa. Hukumu iliyopatikana hivyo haitadumu, na mama aliyekatwa panga atapoteza haki yake miaka sita baadaye bila hata mtu wa kwenda kumweleza kwa nini. Kwa Bunge, karatasi ya maoni ya pamoja ikome, sheria ifuatwe kama ilivyoandikwa. Na mzee wa baraza apewe angalau asubuhi moja ya mafunzo kabla ya kikao, kwa lugha anayoota nayo. Posho yetu ilikuwa ndogo, hilo silalamikii. Ninacholalamikia ni kuapishwa nishike Biblia kwa mkono wa kulia, halafu niachwe mkono mtupu.

Kijana alitoka. Mahakama ya Rufaa ilisema utambuzi ulifanyika katika mazingira magumu na kwamba mahakama haikujionya wala kuwaonya wazee. Alikuwa amekaa gerezani miaka sita. Baba yake alikuwa amekufa. Nilimkuta sokoni, mimi nimekwenda kutembelea marafiki, yeye ameinama juu ya gurudumu la baiskeli. Aliniangalia, akanitambua kabla sijamtambua, akasema, "Karibu, mwalimu," akanisogezea kibao nikae. Nilikaa. Hakutaja mahakama, nami nilishindwa. Alimaliza kuziba tairi, akanawa mikono kwenye ndoo, akaniuliza kama bado nafundisha. Nikamwambia nimestaafu.

Kama aliyemkosea kijana huyo zaidi ni mimi, au ni wale watatu waliomvamia mama yule, mnisaidie kuamua ninyi mlio na sheria. Yule mama naye, waliomkata hawajakamatwa hadi leo.

Daftari ninalo. Ukurasa wenyewe una tarehe, na mistari ile minne inasomeka. Mkilihitaji, nitalileta Kampala kwa nauli yangu mwenyewe.

Wenu katika haki,
Mwalimu mstaafu, Arua